Cheni Iliyo Msumarini: Kumuaga Fundi Tarmuji wa Benchi la Nyuma

Kwanza mjue anayeandika ni nani. Katika gereji yetu ya Sinar Laju hakuna mwenye bahati kama mimi, Saprudin. Tulikuwa mafundi sita tunaogombea benchi la Pak Tarmuji. Majina sita yakatiwa kwenye kopo la biskuti, kopo likatikiswa, na jina lililodondoka likawa langu. Sikushangaa. Mtu aliyekula Batam, akalala Johor, akafukuzwa Singapuri na bado akarudi nyumbani na viatu vipya, hashindwi na kopo la biskuti.

Haya, turudi kwa mwenye shughuli. Pak Tarmuji, mzee wetu, anastaafu tarehe 31 Mei, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufungua na kufunga pikipiki hapa mjini Bekasi. Alikuja akiwa kijana mwenye nywele nyingi, gereji ikiwa turubai moja na pampu ya mkono. Leo gereji ina paa, nazo nywele zimekwenda zinakokwenda nywele.

Anajua kila kitu cha pikipiki, lakini jina lake limejengwa na cheni na sproketi za pikipiki za mbio, zile ambazo dereva hulalia tangi kama anamnong'oneza mchumba. Kumtazama akibadilisha seti ni starehe. Anainua tairi la nyuma kwa stendi. Anafungua kifuniko cha sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, mtu anakanyaga breki, nati inalia mara moja na kusalimu amri. Pini ya cheni ya zamani inasagwa, cheni inaanguka kwenye sinia kama nyoka aliyechoka. Mpya zinaingia zote tatu pamoja: cheni, sproketi ya mbele, sproketi ya nyuma. Mwisho anapitisha vidole chini ya cheni na kuichezesha. Ikipanda na kushuka upana wa vidole viwili, kazi imekwisha. Ikikaza mno italia na kula beringi, ikilegea mno itaruka meno.

Zote tatu pamoja, ndugu zangu. Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa kila siku, maana kila mteja huja na hesabu yake mfukoni.

"Pak, niwekee cheni tu. Sproketi bado zina meno."

"Bibi yangu naye ana meno, Mas. Mpe muwa uone."

"Sasa yote ni kiasi gani?"

"Cheni laki nane na nusu. Sproketi ya mbele laki na ishirini, ya nyuma laki mbili na themanini. Ufundi laki moja. Milioni moja, laki tatu na hamsini elfu rupia."

"Lo! Pak unaniuzia pikipiki nyingine?"

"Nakuuzia hii hii, iendelee kuwa yako. Cheni mpya juu ya meno mabovu ni bwana harusi kijana kwa ajuza mkali: mwaka hauishi, amekwisha."

Watu walicheka, kisha wakalipa. Wengine walivuka barabara kwenda gereji ya pili, ambako cheni iliyovutika hukatwa pingili moja ikakaza, kwa bei ya bakuli la tambi za kuku. Ko Akiong, mwenye gereji yetu, alikuwa akiwatazama wakivuka huku anauma ndevu zake tatu. Pak Tarmuji hakutikisika. Mtu akiwa hana kabisa, alimfutia pesa ya ufundi na kumwambia Ko Akiong amkate yeye mshahara. Lakini pingili hakukata.

Wageni mliokuja leo mtauliza: mzee mpole hivi, ukali huo wa pingili aliupata wapi? Tazameni juu ya benchi lake. Pale penye msumari inaning'inia cheni yenye kutu, imekatika. Si pambo.

Miaka mingi iliyopita palikuwa na kijana mmoja wa kiwandani, Pandu, na pikipiki nyekundu ya mitumba aliyoipenda kuliko usingizi. Alifika siku ile ambayo Bekasi nzima inafunga mizigo kwenda kula Idi vijijini, gereji imejaa mpaka barabarani. Seti nzima ilikuwa nusu ya mshahara wake, na mshahara alikwisha kuutuma kwao.

"Pak, kata pingili moja tu, inifikishe kwa mama. Nikirudi naleta pesa ya seti."

"Sproketi zako zimekuwa ndoana, Mas. Panda basi."

"Basi zimejaa. Na mama amekwisha kupika, Pak."

Hapo Pak Tarmuji akashindwa. Mtu wetu ukimtajia mama na Idi kwa pumzi moja, umemfunga mikono. Akakata pingili, akafunga cheni kwa klipu ile ile ya zamani. Pandu akambusu mkono, akaondoka anapiga honi.

Cheni ilikatika njiani, Indramayu. Ikajisokota kwenye sproketi ya mbele, tairi la nyuma likagoma kuzunguka, na nyuma yake palikuwa na lori. Pandu alizikwa Idi mosi. Mama yake, Bu Sumirah, mkulima wa vitunguu wa Brebes, alikuwa hana mtoto mwingine.

Baada ya sikukuu mjomba wake aliileta ile pikipiki ikiwa mgongoni mwa gari, itengenezwe iuzwe. Pak Tarmuji akaiokota cheni, akaizungusha mkononi pingili kwa pingili. Ilikuwa imeachia palepale alipoifunga yeye.

"Itupe, Ji," Ko Akiong akamwambia polepole. "Barabara hula watu kila Idi. Nani atajua?"

Pak Tarmuji akagongomea msumari. Kisha akapanda basi kwenda Brebes, kwa mama aliyekwisha kuambiwa kwamba mwanawe kauawa na barabara, akamwambia si barabara.

Tangu hapo, kila Idi, wakati sisi tunashindana kula wali wa kuchemshwa majanini na kuku wa nazi, yeye yuko Brebes. Anavua viatu mlangoni, anainama, anaomba radhi, ya dhahiri na ya moyoni, kama sote tunavyoombana siku hiyo. Mtu akikuomba hivyo siku ya Idi, unamjibu, "Na mimi nakuomba pia," mnashikana mikono, yamekwisha. Bu Sumirah hakumjibu hata mara moja. Hummiminia chai, husema mvua imechelewa, bei ya vitunguu imeanguka. "Kunywa, Pak, inapoa." Anakunywa, anarudi.

Mwaka jana nikaanza kuona ananiita kila afungapo cheni. "Din, njoo uonje hii, imelegea kiasi gani?" Nami, kwa kichwa changu kikubwa, nikadhani hatimaye ametambua kipaji. Kumbe kisukari kilikuwa kimemla vidole. Alikuwa haisikii cheni tena. Aliificha siri hiyo kwa mizaha miezi na miezi, mpaka mguu wa kulia nao ukaoza kutokana na kijeraha cha spana. Kabla ya Idi iliyopita madaktari waliukata chini ya goti.

Akiwa kitandani alisema neno moja tu: atakayechukua benchi achukue na msumari, na atakayechukua msumari aende Brebes. Nikaenda mimi.

Bu Sumirah ni mama mdogo wa umbo, mwenye mikono ya kulima. Vikombe viwili vya chai vilikuwa mezani kabla sijabisha hodi.

"Yeye yuko wapi?"

"Hospitali, Bu. Amekatwa mguu. Amenituma nikuombe radhi kwa niaba yake."

Alikitazama kikombe cha pili. Kisha akakichukua, akaenda nacho mlangoni, akaimwaga chai uani.

"Radhi haitumwi kama kapu la vitunguu, Mas. Mwambie mwakani aje mwenyewe."

Nilirudi njia nzima nikitunga uongo mtamu wa kumpelekea mgonjwa, na mimi kwa uongo nina cheti. Lakini nilipokaa kando ya kitanda ukanikauka mdomoni. Nikamwambia kama ilivyokuwa, chai na yote.

Akaniuliza, "Amesema mwakani?"

"Amesema mwakani, Pak."

"Miaka yote hii hajawahi kuniambia nije." Akafunga macho. "Basi lazima nifike."

Daktari anasema figo nazo zimeanza kushindwa. Sitawadanganya katika karatasi ya sherehe.

Pak Tarmuji, gereji inakushukuru. Wako watu wengi mjini humu wanaokula Idi na mama zao kwa sababu uliwakatalia, na hawajui. Ko Akiong ametoa gari la kwenda Brebes, godoro tutalitandika nyuma, na mimi nitaendesha taratibu hata nikitukanwa na baiskeli. Wengine hutakiwa maisha marefu. Sisi tunakutakia ufike Idi, Pak. Ufike tu.

Na lile kopo la biskuti: hapakuwa na kopo. Mafundi wote sita tulilikataa benchi lile, mimi wa kwanza, tena kwa sauti. Mzee alitaka cheni ishushwe msumarini apelekewe kitandani, akajaribu kuishika, ikamponyoka. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu, nikaidaka.