Mama Kipaza, Aliyetusimamisha Kimya

Baada ya kuutumikia uwanja wetu kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne, mtangazaji wetu, ambaye wengi tunamjua kwa jina moja tu la Mama Kipaza, anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Nimeombwa niandike mimi kwa sababu dirisha langu la tiketi liko chini ya kibanda chake. Kwa miaka kumi na saba nimekuwa nikimsikia mara mbili: kwanza kupitia dari, kisha kupitia spika.

Hakuajiriwa kutangaza. Alikuja kama mpokea simu. Jumamosi moja mtangazaji wa wakati huo alikaukiwa na sauti, katibu akapita ofisi kwa ofisi akitafuta mtu wa kusoma bila kukwama, akamkuta yeye anajibu simu mbili kwa mpigo bila kuzichanganya. Alipandishwa kibandani kalamu ikiwa bado sikioni. Siku hiyo alimpongeza mfungaji wa wageni kwa furaha ileile aliyompongezea wa kwetu, na jukwaa zima likamzomea. Hakubadilika. Tuliobadilika ni sisi.

Wapo wasiosahau siku aliyotangaza mara tatu, kila mara kwa ukali zaidi, kwamba gari la bluu lililoziba njia ya gari la wagonjwa liondolewe mara moja. Mara ya nne aliisoma namba ya gari hilo taratibu, akaitambua, kisha uwanja mzima ukasikia: “Baba watoto, toa gari.”

Lakini kazi tutakayomkumbuka nayo zaidi ni dakika ya kimya. Mtu wa mitaa yetu akifariki, kabla ya mechi ya Jumamosi wachezaji hujipanga katikati ya uwanja, jina husomwa, mwamuzi hupuliza filimbi na sote tunasimama. Kwa Mama Kipaza sekunde hizo sitini zilikuwa kazi ya wiki nzima. Aliwapigia wafiwa akauliza jina linatamkwaje nyumbani, marehemu alipenda kukaa jukwaa lipi, alikuwa wa kupiga kelele au wa kuguna tu. Kisha aliandika sentensi mbili, hazikuzidi, akazirudia kibandani mpaka zilainike mdomoni.

Kuna wakati zilivuma habari kwamba kinyozi wa mtaa wa pili ameaga dunia. Mama Kipaza akapiga simu nyumbani kwake kutoa pole, ikapokelewa na marehemu mwenyewe. Kinyozi hakukasirika. Aliomba asomewe kilichoandikwa juu yake, akasikiliza hadi mwisho, akasema ni kizuri ila hawajataja bao alilofunga ujanani kutoka nusu ya uwanja. Likaongezwa. Alipofariki kweli, miaka sita baadaye, karatasi ilikuwa tayari, na bao lake likasomwa.

Miaka kumi iliyopita tulipata mwenyekiti mpya aliyekuja na utaratibu wake: dakika ya kimya iwe kwa waliowahi kuichezea timu au kuiongoza, basi. Hakuwa mtu mbaya. Mechi zilikuwa zinachelewa kuanza na majina yalikuwa yanaongezeka. Wiki ya pili ya utaratibu huo alikuja ofisini fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, shabiki asiyekosa mechi. Mumewe alikuwa amefariki Jumanne.

Mume huyo hakuwahi kuichezea timu. Kusema kweli, mpira haukumwingia kabisa. Kwa miaka ishirini na miwili alimleta mkewe kwa pikipiki mpaka lango la mashariki, akafungua kiti chake cha kukunja, akasoma gazeti hapo nje mpaka mechi iishe, kisha akamrudisha nyumbani. Sisi wa tiketi tulimjua. Niliwahi kumpa tiketi ya bure, alishukuru, akairudisha.

Mama yule hakuja kudai. Aliuliza tu kama inawezekana. Mwenyekiti alimweleza kwa upole kwamba mtu ambaye hata ndani hakuwahi kuingia itakuwa vigumu kumtetea mbele ya kamati. Fundi cherehani alikunja leso yake, akasema ameelewa.

Mama Kipaza alikuwa amesimama pale na jalada lake la majina. Akamuuliza mwenyekiti kama yeye akifa atasimamiwa. Mwenyekiti akajibu kwamba bila shaka, mfanyakazi wa siku zote hizo.

“Basi dakika yangu mpe mume wake,” akasema. “Siku yangu ikifika msinisimamie, anzeni mechi.”

Mwenyekiti alicheka akidhani ni utani. Mama Kipaza akavuta karatasi, akaandika maneno yaleyale, akatia sahihi na tarehe. Shahidi aliyesaini ni mimi. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akavua miwani, akakubali.

Jumamosi ile sauti ya Mama Kipaza ilitoka taratibu: “Leo tunamkumbuka mtu ambaye hakuwahi kuingia humu ndani. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa nje ya lango la mashariki, akimsubiri mke wake.”

Nimesimama dakika nyingi za kimya, na karibu katika kila moja hukohoa mtu au hulia simu. Ile haikuwa na sauti hata moja. Wauza vinywaji waliweka ndoo zao chini. Fundi cherehani alisimama kwenye nafasi yake ya kila wiki akilitazama lango, si uwanja. Mechi ilipoisha watu wa jukwaa lake walimsindikiza mpaka pale nje, na walipofika hawakuweza kumwacha, wakaendelea naye mpaka nyumbani.

Jumatatu mwenyekiti aliufuta utaratibu wake mwenyewe. Karatasi ya Mama Kipaza bado iko kwenye faili, na sisi wa ofisini tumekubaliana kwamba hatutaiona.

Miaka mitatu iliyopita alifiwa na mdogo wake wa kike. Tulimsihi apumzike, akaja, akalisoma jina la mdogo wake bila kutetereka. Baadaye nilimpandishia chai. Akaniambia kwamba katika dakika ile hakuhisi chochote, kwa sababu jicho lilikuwa kwenye mshale wa saa na kidole kwenye swichi.

“Nimeigawa kwa watu wote,” akasema, “mimi mwenyewe sijawahi kuipata.”

Asante, Mama Kipaza, kwa kila jina ulilolitamka kama lilivyotamkwa nyumbani. Asante kwa Baba watoto na familia waliotuazima wewe kila Jumamosi. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na siku ndefu zisizo na ratiba. Jumamosi ya kwanza baada ya kustaafu kwako, tumekuwekea kiti katika jukwaa kuu, safu ya pili. Kabla ya mechi litasomwa jina moja tu, la mdogo wako. Saa ataitazama mtu mwingine. Wewe simama tu, nasi tutasimama nawe.