Bi. Milcah Ayuma, Aliyetuchoresha Njia ya Nyumbani

Bi. Milcah Ayuma anastaafu leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuhudumu kwa miaka thelathini na miwili na miezi kumi na moja kasoro siku tatu. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Makarani wenzake wameikagua wakaipata sawa.

Kwa desturi wasifu kama huu huandikwa na mfanyakazi mwenza. Bi. Milcah aliomba wake uandikwe na mtu wa upande wa pili wa kaunta, yaani mmoja wa wale wanaokuja kuhudumiwa. Ndiyo maana kazi hii imenifikia mimi, Mitchel, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu kutoka Ekero. Makarani wamenisaidia kupata tarehe. Mengine niliyaona.

Aliajiriwa na idara ya uhamiaji tarehe 3 Agosti 1992 akiwa mpiga chapa. Alifanya kazi Busia, mpakani, kwa zaidi ya miaka kumi, na huko ndiko alikojifunza kusoma mwandiko wa mtu aliyejaza fomu akiwa amesimama kwenye mvua. Mwaka 2003 alihamishiwa Kakamega, kwenye dawati la usajili wa wageni, na hapo hakubanduka tena. Kila mgeni anayeishi huku, awe mmisionari, mtafiti au mke wa Mkenya, lazima aseme anaishi wapi, na akihama aje aseme amehamia wapi. Bi. Milcah ndiye aliyewasikiliza wote.

Wenzake wanamkumbuka kwa miavuli. Mvua ya hapa haikosi saa za alasiri, na watu husahau miavuli yao ofisini. Bi. Milcah aliitundika nyuma ya mlango akawa anawaazima walio kwenye foleni. Mwavuli mmoja wa kijani umeenda Mumias na kurudi mara nyingi kuliko makarani wengine.

Wanamkumbuka zaidi kwa ramani. Miaka mingi iliyopita mtafiti mmoja aliandika kwamba anaishi “Isecheno, karibu na mti mkubwa”. Isecheno iko ndani ya msitu. Afisa aliyetumwa kumtafuta alirudi jioni na matope hadi magotini. Tangu siku hiyo Bi. Milcah hakukubali maneno matupu. Humpa kila mgeni karatasi nyeupe achore njia ya kwake kutoka sokoni. Wakiwa mume na mke, kila mmoja huchora peke yake bila kuchungulia.

Karatasi hizo ndizo zilizoiokoa familia yetu.

Baba yangu, Sammy, ni fundi wa mitambo. Alifanya kazi miaka sita katika kiwanda cha sukari nchini Malawi, na huko akamwoa Tiyamike. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo sana, nikalelewa na nyanya yangu, Kukhu Nekesa. Baba na Tiyamike walipofika mwanzoni mwa mwaka jana walipanga chumba Lubao, nao wakasajili anwani hiyo. Mwezi wa Agosti Kukhu akapata kiharusi, basi wakahamia nyumbani Ekero kumtunza. Nilianza kumwita Tiyamike mama mwezi huohuo. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.

Hawakuripoti kwamba wamehama, na si kwa ukaidi. Tangu wakati wa babu, barua zetu hupitia sanduku la posta la shule ya msingi ya kijijini. Baba alitoa nambari hiyo akiwa Malawi, akaitoa akiwa Lubao, na tulipokuwa Ekero ilikuwa bado ni ileile. Kwake yeye anwani haikuwa imebadilika.

Mwezi wa Desemba maafisa walienda Lubao kuhakikisha kama mke na mume wanaishi pamoja. Mwenye nyumba aliwaambia hao walihama zamani, na kwamba hajui mwanamke alikokwenda. Barua ikaandikwa: mama aeleze katika siku ishirini na moja kwa nini kibali chake cha kuishi nchini kisifutwe. Ilikaa ndani ya sanduku likizo nzima. Mwalimu mkuu alipotuletea barua hiyo shule zilipofunguliwa mwezi wa Januari, siku zile zilikuwa zimepita kwa siku nne.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa kwenye kaunta ya Bi. Milcah, mimi nikiwa nimeshika cheti cha ndoa ndani ya bahasha.

Baba alianza kujitetea. “Lakini anwani haijabadilika, madam. Sanduku ni lilelile.”

“Sammy,” akasema Bi. Milcah, “huyu bibi yako analalanga ndani ya sanduku?”

Benchi zima likacheka. Mama alikuwa bado hajakijua Kiswahili vizuri. Alichoona ni watu wanacheka na barua yake iko mezani, akainamisha kichwa. Bi. Milcah akazunguka kaunta, akaketi kando yake na kumwambia polepole, “Mama, hawakucheki wewe. Wanamcheka bwana yako, na amestahili.” Kisha akatoa karatasi mbili.

Baba alichora barabara kuu, kanisa, nyumba, na kisima nyuma ya kanisa. Alimaliza kabla ya dakika tano. Mama alichukua karibu saa nzima. Alichora kinu cha posho, njia inayokata katikati ya miwa, na lango la jirani lenye mbwa, akaweka mshale kuonyesha kwamba huyo huuma. Alichora kisima upande wa mtoni. Alipofika nyumbani hakusimama mlangoni: alichora jiko la Kukhu na mafiga yake matatu, kitanda, na rafu ya dawa, za asubuhi kushoto na za jioni kulia.

Bi. Milcah aliweka karatasi hizo bega kwa bega. “Kisima kiko wapi hasa?”

Baba akatazama viatu vyake. “Penye yeye amechora.”

“Na maji anatekanga nani?”

“Yeye, madam.”

Bi. Milcah aliandika maelezo mafupi, akayaambatanisha na ramani zote mbili. Hakutuahidi kitu. Alisema kuchelewa ni kosa na ataandika hivyo, kwa kuwa ni kweli, na kuishi pamoja ni kweli pia na atakuja kuhakikisha kwa macho yake.

Alhamisi alifika, ameshika ramani ya mama, bila kumuuliza mtu njia. Mbwa wa jirani alimkwepa kwa kufuata mshale. Kukhu, ambaye maneno yake hutoka moja moja tangu augue, alimshika mkono akasema, “Huyu ndiye ananipea dawa. Mkimrudisha kwao, nirudisheni na mimi.” Bi. Milcah aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa.

Jibu kutoka makao makuu lilikuja mwezi wa Machi. Kibali hakikufutwa, ila mama yuko chini ya uangalizi hadi mwisho wa Septemba. Maafisa wanaweza kuja siku yoyote bila taarifa, na uamuzi kamili utafuata baada ya hapo. Tulifurahi. Halafu tukasikia kwamba Bi. Milcah anastaafu Juni, na mama akakosa usingizi, kwa kuwa katika ofisi nzima ni yeye peke yake aliyewahi kuingia jikoni mwetu.

Wiki iliyopita Bi. Milcah alikuja tena, safari hii na karani Weldon, anayechukua dawati lake. Alimpa Weldon ramani akamwambia atangulie. Weldon alipotea kwenye kinu cha posho, akazunguka, akarudi, na Bi. Milcah alimfuata kimya bila kumsaidia. Kukhu alikuwa akiwatazama kutoka uani. “Huyu kijana amepita hapa mara mbili kama muuza mitumba,” akasema. Weldon alicheka, akaingia, akaonyeshwa rafu ya dawa, akatia sahihi yake kwenye ramani, chini ya ile ya Bi. Milcah.

Kwa hiyo bado hatujui uamuzi utakuwaje Septemba ikiisha. Tunachojua ni kwamba mtu atakayeulizwa ameshafika kwetu kwa miguu yake.

Bi. Milcah, kwa niaba ya wenzako na ya wote tuliowahi kusimama mbele yako na fomu zisizoeleweka, tunakushukuru kwa kututafuta mpaka ukatupata. Mungu akupe afya, usingizi wa alasiri usiokatizwa na foleni, na majirani wema huko Shinyalu.

Mama ameomba sentensi ya mwisho iwe yake. Ameiandika mwenyewe kwa Kiswahili, nami sikusahihisha neno:

Asante madam, ulikuja ukanikuta nyumbani.