Nani Alikataa? Miaka ya Bwana Sifuna katika Kamati ya Maadili

Tarehe 30 Juni 1978 Bwana Javan Sifuna anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka kumi na saba, sita ya mwisho akiwa katibu wa Kamati ya Maadili ya Utafiti. Kamati hiyo ndiyo inayosoma maombi ya kila mwalimu au mwanafunzi anayetaka kwenda kuwapima, kuwahoji au kuwadunga sindano binadamu wenzake, kisha inaamua kama atapewa kibali. Wajumbe wake, akiwamo mwandishi wa wasifu huu, ni watu wa shahada nyingi na maoni mengi zaidi. Tumebishana sana, tumekunywa chai kwa ndoo, na mambo ya maana tuliyofanya yanahesabika kwa kidole kimoja. Habari ya kidole hicho ndiyo hii.

Bwana Sifuna alifika mjini mwaka 1961 kutoka Kimilili, akaajiriwa kuwa karani wa masijala. Alipenda karatasi jinsi watu wengine wanavyopenda mpira. Alipopandishwa cheo alianzisha fomu ya kuombea fomu. Wageni wakisikia hivyo hudhani ni mzaha, lakini mwandishi aliwahi kuijaza, ikarudishwa kwa sababu alitumia wino wa kijani. Majirani zake wa Dagoretti Corner wanadai kwamba watoto wake waliomba viatu vya shule kwa maandishi. Mkewe, Bi. Selpher, hajakanusha.

Kamati ilipoundwa mwaka 1972, haikuwa vigumu kujua nani atakuwa katibu. Mwenyekiti alikuwa Profesa Kihara, mwanasayansi mashuhuri, anayeishi Muthangari nyuma ya ua mnene wa miiba ya kayaba na mbwa wawili wasiopenda wageni. Kutoka ndani ya ua huo, na kutoka katika nyumba nyingine za chuo zenye ua kama huo, tuliketi kufikiri namna ya kuwalinda wananchi wa kawaida dhidi ya watafiti. Hatukumwita mwananchi wa kawaida hata mmoja. Tulihofia angetupotezea wakati.

Kinga tuliyoipata ilikuwa fomu. Bwana Sifuna aliichapa mwenyewe, pande mbili, mistari imebanana. Ilieleza kwamba mhusika ameelewa kila kitu na amekubali kwa hiari yake, na chini kabisa palikuwa na kisanduku cha kuweka alama ya kidole gumba. Pasipokuwa na alama hiyo, kamati ilitangaza, hakuna mtu atakayepimwa wala kuulizwa neno. Tulijipongeza mchana kutwa. Bwana Sifuna alinunua pedi mpya ya wino kwa pesa zake, akaifungia kabatini kama mtu anayehifadhi asali.

Mwaka 1974 akaja Bi. Phoebe Ajwang, mwanafunzi wa uzamili katika lishe. Alitaka kuwapima uzito watoto wa Dagoretti na kuwauliza mama zao wanakula nini. Utafiti mzuri, wa maana, tena usioumiza mtu. Ufadhili wake ulikuwa unakwisha mwisho wa mwaka. Asipomaliza kukusanya habari kabla ya hapo, angerudi Ugenya kufundisha darasa la tatu, na shahada ingebaki ndoto. Tulilijua hilo vizuri kwa sababu alitueleza, na sisi tulitikisa vichwa kwa huruma, kisha tukamrudishia maombi yake mara mbili kwa ajili ya ukubwa wa pambizo.

Hatimaye alipata kibali na bunda la fomu. Alikwenda Dagoretti na mizani yake begani, akazunguka nyumba kwa nyumba kutoka vichinjio hadi sokoni, wiki nzima na nusu ya wiki nyingine. Alirudi na fomu zote zikiwa safi. Hapakuwa na kidole hata kimoja. Wanawake walimkaribisha, wakampa chai, wakasikiliza, na alipofungua pedi ya wino, mmoja akakumbuka ana mahindi motoni, mwingine akakumbuka mazishi.

Kamati iliketi kwa dharura. Profesa Kihara alisema kina mama wale wanahitaji tu kuelezwa vizuri. Mwandishi wa wasifu huu alisema, kwa sauti ambayo leo anaisikia kama ya mtu mwingine, kwamba elimu ya watu wazima bado iko nyuma sana nchini. Bwana Sifuna alikuwa amekasirika kuliko sote, maana fomu ilikuwa yake. Akatoa wazo. Wajumbe waweke vidole vyao katika fomu moja, ipelekwe Dagoretti iwe mfano. Wanawake wakiona kwamba maprofesa wenyewe wameweka vidole, wataona haya kukataa. Tulilipenda wazo hilo mno. Pedi ikatolewa kabatini, ikaanza safari yake kuzunguka meza.

Ilianza kwa mwenyekiti. Profesa Kihara aliitazama, akakumbuka amevaa shati jeupe. Mjumbe wa pili akasema kidole ni cha wasiojua kusoma, yeye atatia sahihi. Akapewa kalamu. Akaanza kusoma fomu, kwa mara ya kwanza tangu aipitishe, na alipofika upande wa pili akasema angependa kuipeleka nyumbani akaisome polepole. Mjumbe wa tatu akatoka kupiga simu na hajarudi mpaka leo, yaani hajarudi kwenye ajenda hiyo. Mwandishi alikuwa wa nne. Aliikunja nakala yake vizuri, akaitia mfukoni, akaeleza kwamba ana binamu mwanasheria. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na nguruwe sasa alikuwa amevaa tai.

Basi pedi ikamfikia Bwana Sifuna mwenyewe. Akakunja mkono wa shati, akakandamiza kidole gumba kwenye wino, akakiinua juu ya kile kisanduku alichokichora kwa rula. Kidole kikabaki hewani. Tulimtazama. Naye akauliza, taratibu kabisa, "Na hii karatasi itawekwa wapi?"

Mtu pekee duniani aliyejua jibu la swali hilo alikuwa yeye. Ikisharudi kutoka Dagoretti, karatasi ingewekwa katika kabati lake, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Bwana Sifuna alipangusa kidole kwa leso, ile leso ikaharibika, akamgeukia Bi. Ajwang aliyekuwa amekaa mlangoni akingoja hatima yake. Akamwuliza swali ambalo sisi hatukuwa tumemwuliza: wale kina mama walisema nini hasa? Bi. Ajwang akajibu kwamba wengi hawakusema kitu, ila mama mmoja mzee, Mama Nyakio, alimshika mkono akamwambia, "Msichana, hii kidole nilishaiweka kwa karatasi mara moja, wakati wa mkoloni kuunganisha mashamba. Ndio unaniona nalima viazi kwa shamba ya wenyewe."

Nusu yetu tulikuwa na wazazi ambao wangeweza kusema maneno hayohayo. Kinga tuliyowatengenezea watu wa Dagoretti ilikuwa ndicho kitu kilichowanyang'anya mali, nasi tulikuwa tumekichapa pande mbili.

Bwana Sifuna akapendekeza fomu yake iondolewe. Wanaomjua wataelewa uzito wa maneno hayo, maana ni kama mzazi kusema mwanawe ni mwizi. Badala yake mtu aelezwe kwa mdomo, mbele ya shahidi anayemchagua mwenyewe, na akubali au akatae kwa mdomo. Tena akikataa, asiulizwe sababu. Profesa Kihara alipinga. Vyuo vya ng'ambo vitatucheka, alisema, kwani ridhaa isiyo na karatasi ni upepo. Ubishi ukawa mrefu, na Bi. Ajwang pale mlangoni akazidi kuinama. Mwisho Bwana Sifuna akasema kwamba basi yeye anajiuzulu ukatibu, na kazi ya kuendesha mashine ya stensili ya kutolea nakala tugawane wenyewe. Pendekezo lilipita bila kupingwa. Hakuna kati yetu aliyejua mashine ile inawashwa wapi.

Siku iliyofuata alifuatana na Bi. Ajwang hadi Dagoretti, amevaa koti lake la mikutano, akasisitiza waanze kwa Mama Nyakio. Alikuwa na hakika kwamba mama huyo, akisikia fomu imefutwa kwa ajili yake, atakubali mara moja, na wengine watamfuata. Bi. Ajwang anasema alikuwa ameandaa na hotuba fupi. Mama Nyakio akamwita jirani yake Muthoni awe shahidi, akasikiliza hotuba mpaka mwisho, akamwongezea mgeni chai. Kisha akasema, "Nimesikia, asante. Mimi sitaki."

Bwana Sifuna akafungua kinywa. Kila mtu anayemfahamu anajua alichotaka kuuliza. Bi. Ajwang akamkanyaga kiatu. Kinywa kikafungwa, Bwana Sifuna akashukuru kwa chai, akainuka, akaaga kwa heshima zote na kutoka nje. Anakiri kwamba alipofika barabarani aliona kila kitu kimeharibika, na kwamba ni yeye aliyemharibia binti wa watu masomo yake.

Lakini Muthoni alikuwa ameshuhudia, na ua wa Dagoretti si wa kayaba, watu husikia. Mwanamke amewakatalia watu wa chuo, tena mmoja wao ana koti, na hakuna lililotokea. Chifu hakuja. Askari hakuja. Waligeuka wakaenda zao wakisema asante. Jioni ile Muthoni alimletea Bi. Ajwang mtoto wake apimwe. Kesho yake walikuja wengine, na wengine wakakataa kwa furaha kubwa, maana ilikuwa mara yao ya kwanza kuikatalia serikali au chuo na kulala usingizi. Bi. Ajwang alimaliza kazi yake kabla ya ufadhili kukatika. Leo ni mhadhiri wetu na mjumbe wa kamati hii, na hutukanyaga viatu inapobidi.

Tangu mwaka ule kila mtafiti anayeleta ripoti hukutana na Bwana Sifuna mlangoni, naye huuliza swali moja: nani alikataa? Ripoti ambamo watu wote wamekubali huirudisha. Husema kwamba mahali ambapo "hapana" haiwezekani, "ndiyo" nayo haina maana. Mwandishi amerudishiwa tatu. Mara moja alifikiria kubuni watu wawili waliokataa, akaona aibu, akarudi Kawangware, alikofanyia utafiti, kuuliza upya. Wakakataa saba.

Mwezi uliopita chuo kilimwomba Bwana Sifuna aongeze mkataba wa miaka miwili. Kamati nzima ilikwenda ofisini kwake kumsihi, Profesa Kihara mbele, na hatukwenda kwa ajili ya mashine ya stensili tu. Tulikwenda kwa sababu tunaogopa. Tunajijua tulivyo akiwa hayupo. Tulimweleza jinsi tunavyomhitaji. Bwana Sifuna alitusikiliza mpaka mwisho, akatuagizia chai, kisha akasema ahsanteni sana, hapana.

Profesa Kihara akafungua kinywa, akakifunga. Tulishukuru kwa chai tukaondoka.

Kwa hiyo wasomaji watusamehe, wasifu huu hauwezi kusema Bwana Sifuna anakwenda kufanya nini, wala kwa nini hakubaki nasi. Hatukumwuliza. Asante kwa yote, Mzee wetu. Uishi vyema wewe na Bi. Selpher, na huko uendako, utakaposema hapana, uwakute watu wa kuiheshimu.