Mama Imaculata na Faini ya Kikopo Kimoja

Kwa huzuni kubwa, uongozi wa meza ya chai ya maabara unawatangazia watumishi wote kwamba chupa ya chai ya bluu, ile ambayo kifuniko chake kimeshikiliwa na plasta ya vidonda, itabaki yatima kuanzia tarehe 30 Juni. Mwenyewe anastaafu. Baada ya miaka thelathini na minne ya kupima damu, makohozi na mikojo ya watu wa Songea, Mama Imaculata Mapunda anarudi kwao Namtumbo kulima mahindi.

Alianza kama mhudumu wa maabara, akaenda kusoma, akarudi mteknolojia kamili. Mimi ninayeandika ni Pankrasi, dereva wa gari la wagonjwa, Mbena wa Njombe. Yeye ni Mngoni, kwa hiyo ni mtani wangu, na tangu tufahamiane hajawahi kuniita kwa jina. Huniita Mateka. Anadai babu zake walimkamata babu yangu vitani, wakamwacha njiani kwa sababu alikuwa anakula sana.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuja mwishoni, hospitali yetu ilipoingizwa kwenye utafiti wa kutumia mkojo kusaidia kugundua saratani ya tezi dume. Alifurahi kama mtoto wa Komunyo ya Kwanza. Kila aliyemsimamisha koridoni alielezwa kwamba mkojo hautoi hukumu, unaonyesha tu nani aendelee na vipimo vingine.

Wanaume tukamkimbia. Wengi tuliamini kwamba nyuma ya kile kikopo cha mkojo kuna kidole cha daktari kinatusubiri. Mzee mmoja wa Mfaranyaki alimtuma mkewe na chupa; Mama akamrudishia na salamu kwamba tezi dume haitumwi.

Mimi nilikuwa naamka kukojoa kila usiku, nikaisingizia baridi ya Songea. Mke wangu, Careen, akamnong'oneza Mama. Jumamosi moja Mama akatokea nyumbani kwangu, kanga kiunoni, akaketi chini mlangoni pangu na kuangua kilio cha msiba, akimtaja Mateka wake pamoja na sifa zangu chache. Majirani wakajaa, wengine wamebeba kuni za matanga. Nikajitokeza kuthibitisha kwamba niko hai. Baadhi yao walionekana kukerwa.

Mtani hafukuzwi mpaka alipwe faini yake. Nikamkamatia kuku. Akamkataa, akafungua mkoba, akatoa kikopo.

Nililipa. Mkojo ukaonyesha dalili za kutilia shaka, nikapelekwa mbele, na vipimo vya damu, picha na kipande kidogo cha nyama ya tezi vikathibitisha: saratani, ila bado changa. Nikatibiwa, na leo usukani ninao mimi. Habari zikasambaa mpaka Nakapanya. Wanaume wakapanga foleni maabara kuishinda kliniki ya watoto! Wapo waliokuja wakimsihi Mama awapime haraka, asije akafika kwao na kanga.

Kwa hayo yote, Mama, tunasema asante. Mahindi yako yastawi, magoti yako yasikusumbue, na wajukuu wakuachie nafasi ya kulala mchana.

Sasa, hadithi ile ya kilio husimuliwa hapa hospitalini kama kichekesho, na msimulizi mkuu ni mimi. Ilivyokuwa hasa ni hivi. Nilipoinama kumpa mkono ainuke, nilikuta uso wake umelowa, na machozi yale hayakuwa ya utani. Mumewe, Valence, alikufa kwa saratani hiyohiyo. Iligundulika ikiwa imeshafika kwenye mifupa. Akaniambia polepole, majirani wasisikie: "Mateka, yule nilimlilia nimechelewa. Wewe nakulilia mapema."

Nenda salama, mtani. Zamu yangu ya kukulilia wewe, Mungu aicheleweshe sana.