Rauta Iliyongoja Mwezi Utoke Nge

Alhamdulillahi, ndugu zangu! Mbona mnaitikia kinyonge? Aliyesinzia mwamsheni, maana leo nimesimama kushuhudia, na nikishakaa sisimami tena, magoti haya yana mambo yao. Mwalimu wetu wa darsa kasema kila aliyetendewa wema na Mola wake asimame aseme. Mimi Bi Mize, fundi cherehani wa hapa hapa Konde, nimetendewa wema kwa rauta. Ndiyo, rauta, kile kisanduku cha intaneti chenye vitaa. Chekeni, mkimaliza nitaendelea.

Ndugu zangu, mnapajua kwetu. Tuko bondeni, simu haishiki mtandao mpaka upande barabarani, ukazungumze siri zako mbele ya wauza muhogo. Ndiyo maana tukaweka kile kisanduku, nyumba zote za ua wetu tukatumia kimoja. Kikakaa ukumbini kwa shemegi yangu, Mzee Khatibu, kaka wa marehemu mume wangu. Shemegi ndiye mkubwa wa ua, na ndiye walii wa binti yangu Salma, atakayemwoza. Tena ni mtu wa nyota. Hafungui mlango mpya, hasafiri, hapandi hata mche wa mkarafuu mpaka aitazame siku kama ni njema.

Sasa Salma akapata mchumba. Kijana anaitwa Nassor, yuko Maskati na mama yake, Bi Zuwena, mzaliwa wa Mkoani aliyeondoka zamani. Bi Zuwena akasema hataki kuposa watu asiowajua, anataka kwanza tuzungumze kwa video, mama kwa mama. Kuna ubaya hapo? Hakuna. Ubaya ulikuwa kwenye kisanduku! Kila tukifika penye maneno yenyewe, simu inakatika. Mara ya kwanza aliniuliza kama binti yangu ana hasira. Nikafungua kinywa nimjibu, picha ikaganda. Kwake nikabaki nimeachama, jicho moja limefumba, na jibu hakulipata. Mara ya pili alikuwa ananisimulia alivyofiwa na mumewe, machozi yanamtoka, simu ikakatika. Akaamini nimemkatia! Mwanamke mzima analia, nami nimemkatia!

Salma akachunguza, akagundua kuwa kisanduku kilikuwa kinaomba kuapdetiwa. Yaani programu yake ya ndani imechakaa, na mpya ipo tayari. Unabonyeza mahali kwenye simu, kinajizima, kinajivisha programu mpya, kinawaka tena. Dakika chache tu, na ule ugonjwa wa kukatika umo katika yale yanayotibiwa. Tukaenda kwa shemegi na furaha zetu.

Shemegi akatutazama kama tumemwambia tunahama usiku. "Mwezi umo nge," akasema, yaani umeingia nyota ya nge. "Kitu kikianzwa mwezi umo nge hakidumu."

Nikamwambia, shemegi, hatuozi wala hatujengi, tunabonyeza tu. Akasema kuingiza kitu kipya ndani ya nyumba ni sawasawa na kuweka msingi. Ndugu zangu, mimi ni mtu wa hasira, mnanijua, lakini kwa mkubwa unameza. Nikameza. Mwezi ukatoka nge. Nikarudi. Kumbe imefika Jumatano ya mwisho wa mwezi, siku ya nuhusi! Nikameza tena. Ilipopita Jumatano akaenda Mtambile kuchuma karafuu, na ukumbi kaufunga kwa kufuli. Nikasimama dirishani kukitazama kile kisanduku kinavyopepesa taa yake ya rangi ya machungwa, ya kuomba programu mpya, nacho kama kinanisuta.

Bi Zuwena akatuma ujumbe. Ijumaa baada ya laasiri atapiga mara ya mwisho. Akikatiwa tena, basi, atajua watu wa Konde hawamtaki. Salma wangu akaingia chumbani akakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Roho ikaniuma, ndugu zangu, ikaniuma hasa.

Ijumaa ikafika. Shemegi alikuwa kesharudi, lakini hakunisemesha, nami nikanuna. Laasiri ilipoisha simu ikaita. Na siku hiyo Bi Zuwena alikuwa mtamu kama halua! Tukacheka, tukaulizana watu wa Mkoani, nani kafa, nani kaoa. Halafu akajiweka sawa, akatengeneza mtandio, akasema, "Basi Bi Mize, mimi na mwanangu tumekwisha..."

Giza! Simu kimya!

Nilitoka mbio bila kiatu. Nikaingia ukumbini, nikakuta moshi wa ubani, shemegi kavaa kanzu, tasbihi mkononi, na kidole bado kiko kwenye simu yake. Kabonyeza! Kumbe alishamwomba Salma amwoneshe pa kubonyeza, akaipata saa njema, na saa njema kwake haitangazwi kabla. Alitaka kutusaidia, masikini. Mimi sikuuona usaidizi. Nikaurukia waya niung'oe ukutani.

"Mama, usichomoe! Ukikata umeme sasa hivi kinakufa moja kwa moja!" Salma kanidaka kiuno.

Tukakaa sakafuni sote watatu, tunakitazama kitaa kimoja. Nilisoma kila dua niliyofundishwa utotoni chuo cha Kurani, na nyingine nikazitunga. Shemegi anavuta tasbihi. Salma ananishika mkono, baridi kama samaki wa barafu. Kitaa cha pili kikawaka. Cha tatu. Takbir!

Nikapiga. Bi Zuwena akapokea kwa moto: "Mara ya tatu mmenikatia! Mwanangu nimemwokota?" Shemegi akaichukua simu mkononi mwangu.

"Bi Zuwena, nliyekata ni mie. Saa hii nimeitazama kwa nyota, ni njema. Mwezi mzima huu haina mwenzake."

Uso wake ukatulia tuli, nikadhani picha imeganda tena, lakini macho yake yalikuwa yanapepesa. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Inakwisha lini?"

"Kabla ya magharibi."

"Basi mnangoja nini? Nassor! Njoo hapa! Vaa kofia!"

Ndugu zangu, mwanangu akaposwa hapo hapo, kwa saa iliyotafutiwa kisanduku! Salma akaulizwa kama karidhia. Salma, ambaye hanyamazi kwa lolote, akanyamaza, akainamisha kichwa anacheka. Nami nikalia kwa sauti.

Leo shemegi anatembea mji mzima akisema harusi ile ni kazi yake. Mwacheni. Mimi nasema Mola alikitumia kidole chake, kama anavyotumia chochote anachotaka. Mwaminini yeye, nge hana alifanyalo! Na kile kitaa cha machungwa kikiwaka kwenu, msikingojeshe. Ngojeni tu watoto waende chuoni, ulizeni ua mzima nani anazungumza na nani, kisha bonyezeni kwa Bismillahi, na waya usiguswe.

Salma sasa yuko Maskati. Ananipigia kila Ijumaa, uso wake wote naupata, mpaka kidoti cha shavuni. Simu haikatiki kamwe. Namshukuru Mola kwa hilo, namshukuru sana. Ila siku hizi anayekata ni mimi, nasingizia mtandao, maana sitaki mwanangu anione ninavyolia.