Fundi Sindano Anatafuta Hatua

Benchi la Fundi Sindano lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na wakaaji wake wa kudumu wanajua nani akae upande upi lisije likawamwaga. Alasiri ile hakuna kiatu kilichoshonwa. Simu ya Fundi ilisimamishwa ndani ya sufuria tupu ili sauti ivume, ikicheza albamu ambayo mtaa mzima ulikuwa unaizungumzia: mwimbaji wa Afrika kachanganya ngoma za kwao na midundo ya visiwa vya Karibi. Binti mdogo wa Fundi alikuwa anaolewa Jumamosi, na wimbo wa tatu ndio aliouchagua wa kufungulia uwanja wa dansi. Katika nyumba yao wazazi ndio hufungua. Kwenye harusi za watoto wakubwa wawili Fundi alicheza na mkewe, yaani mkewe alicheza, yeye akafuata. Mwaka jana mke akafariki. Sasa binti alikuwa amesema atasimama yeye mahali pa mama, na baba ajifunze.

— Nimewaita mnifundishe, — Fundi alisema. — Zimebaki siku mbili.

— Kwanza uelewe unachokicheza, — akasema Profesa, ambaye hajawahi kufundisha popote isipokuwa kwenye benchi lile. — Hii ni rege. Gitaa linakata pale ngoma inapovuta pumzi. Sikia! Cha! Cha!

— Rege gani? — Breki, dereva wa lori, akaweka kikombe chini. — Ngoma hizo ni zetu tupu. Babu yangu alikuwa anazipiga.

— Babu yako alikuwa mlinzi wa ghala.

— Alizipiga akiwa lindoni. Ndiyo maana wakaiba.

Mama Birika, muuza kahawa, alicheka mpaka akamwagia mchanga kahawa ya watu.

— Jamani, hatua, — Fundi alikumbusha.

— Tunakuja huko, — Profesa akamtuliza. — Watu wetu walichukuliwa, wakavushwa bahari. Huko wakanyang'anywa ngoma. Wakafanya nini? Mdundo wakauficha kiunoni. Nani atakupekua kiuno?

— Askari wa mizani wanapekua kila kitu, — Breki alisema.

— Sasa mwimbaji huyu ameurudisha nyumbani. Gitaa la kule, ngoma ya huku.

— Haujarudishwa, umerudi wenyewe, — Breki akapinga. — Angalia ramani, Profesa. Vile visiwa vilikuwa vyetu, vikamegeka, vikaelea. Sasa vimechoka. Hicho unachokisikia ni kisiwa kinarudi rivasi.

— Kisiwa kina rivasi?

— Cha! Cha! Si kinapiga honi hicho?

— Na kikifika, nani atakipa kiwanja? — akauliza Mama Birika. — Hapa penyewe baraza la mji limenihamisha mara mbili.

Fundi alinyanyuka. Akatanguliza mguu wa kulia, ngoma ikampita. Akatanguliza wa kushoto, gitaa likamkata katikati. Alisimama mguu mmoja hewani, kama mtu aliyeona kitu njiani akasita kukikanyaga.

— Legeza magoti! — alisema Breki.

— Usilegeze! — alisema Profesa. — Sikiliza besi.

— Mwacheni, — Mama Birika akasema taratibu.

Fundi akakaa. Akaunyosha uzi uliokuwa umenyooka tayari.

— Binti yangu aliponipigia kuniambia wimbo, nikamuuliza kwa nini huu, — akasema. — Akasema mama yake alikuwa anaosha vyombo na nyimbo za visiwa vile vya Karibi, na mimi nashona na ngoma za kwetu. Ndani ya wimbo huu tumo wote wawili. Nitamwambiaje kwamba siuwezi?

Mama Birika akammiminia kahawa.

Binti mwenyewe akatokea kona ya duka la vitambaa, mfuko wa shela mkononi. Akawaamkia, wakaitikia kwa pamoja kama darasa lililokutwa linapiga kelele.

— Baba, umejifunza?

— Tumefika kwenye ramani, — Breki alijibu.

Binti akatabasamu, akamkabidhi Mama Birika mfuko, akaurudisha wimbo mwanzo.

— Hebu tuanze kama alivyokuwa anaanza mama. Alikuwa anatanguliza mguu gani?

Profesa akamtazama Breki, Breki akatazama birika. Wote walikuwa kwenye harusi zile mbili, wote walikumbuka gauni la mama huyo, kicheko, jasho la furaha. Mguu hakuna aliyeukumbuka. Wakamgeukia Fundi, mtu anayekutambua kwa soli yako kabla hajakuona sura.

— Sijui, mwanangu, — alisema. — Miaka yote ile nilikuwa namtazama usoni.

Binti akamshika baba yake mkono wa gundi.

— Basi nitazame usoni.

Gitaa likakata, ngoma ikavuta pumzi, na Fundi akafuata.