Amejenga Dodoma, Anachezea Kagera

Kwenye kosta ya kutoka Kibaigwa, mama mmoja alikuwa akichungulia simu ya kijana mwenye tai aliyeketi kando yake. Nami nilikuwa nikiwachungulia wote wawili, kwa hiyo simlaumu.

Kijana alikuwa kwenye mashindano ya mtandaoni ya maswali kuhusu nchi yetu, mkoa kwa mkoa, ya kirafiki tu. Kagera na Dodoma zilikuwa sare, limebaki swali moja: bwawa la Mtera liko kwenye mto gani?

"Shikamoo mama. Wewe mwenyeji, nisaidie hapa."

"Marahaba. Unachezea mkoa gani?"

"Kagera."

"Na unaishi wapi?"

"Hapahapa Dodoma, nimejenga kabisa."

"Ehee! Zabibu ule zetu, kiwanja upate kwetu, pointi upeleke Bukoba?"

"Kwetu ni kwetu, mama. Muda unaisha!"

"Basi wapigie wa kwenu."

Jibu nilikuwa nalo, ila dunia imenifunza kutojibu nisipoulizwa.

Kosta ikasimama Ihumwa. Kijana akashuka, kidole kikielea juu ya simu. Mama akafungua dirisha: "Karibu nyumbani, mwanangu!"